Programu tatu za miadi na viti viwili vya miguu: uzoefu wangu kwenye saluni ya kucha

Daftari langu la miadi lilikuwa na jalada jekundu na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee. Tukiwa wawili lilitosha. Tulipofika mafundi wanne likaanza kunigombanisha na watu. Jumamosi moja wateja watatu walijikuta wanasubiri viti viwili vya miguu, vile vyenye beseni la kuoshea miguu, na kila mmoja alikuwa na haki yake: jina limeandikwa, saa imeandikwa, mwandiko ni wangu. Mafundi walikuwepo wa kutosha, mabeseni ndiyo hayakutosha. Daftari lilijua kugawa watu tu, viti halikuwa na habari navyo.

Nikaanza kutafuta programu ya kuweka miadi. Ndani ya miezi saba nimepitia tatu: mbili nimeachana nazo, moja bado ninayo. Majina nayaweka kando, maana programu hizi hubadilisha ada na vipengele mara kwa mara, na iliyonishinda mimi huenda ikamfaa mwenye fundi mmoja na kiti kimoja.

Ya kwanza niliichukua kwa sababu ilikuwa ya bure. Baadaye ndiyo nikaelewa bure yake inalipwa na nani. Hawachukui ada ya mwezi, ila wanakata kidogo kwenye malipo ya kadi, na wanachukua asilimia kwa kila mteja mpya anayekupata kupitia ukurasa wao wa kutafutia saluni. Sina ugomvi na hilo, mteja mpya ni mteja mpya. Ugomvi ulikuja pale mteja wangu wa miaka mingi alipobadilisha namba ya simu, akaingia kupitia ukurasa wao, akahesabiwa mgeni. Nikamlipia mtu ambaye namjua mpaka kidole chenye ukucha unaopasuka kila mara!

Ningevumilia. Kilichonishinda ni muda.

Programu ile iliipa kila huduma muda mmoja usiobadilika. Jeli ya mikono, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa: dakika 45. Sasa muulize fundi yeyote wa kucha kama kuna kitu kinachoitwa jeli ya dakika 45. Ipo, kwa mteja aliyekuja na kucha tupu. Akija na jeli ya zamani, kuna kuikwangua juu kwa tupa ya kucha, kufunga kila kidole na pamba yenye asetoni, kusubiri dakika 10 hadi 15, kisha kuisukuma itoke bila kuumiza ukucha. Akija na akriliki, yaani kucha bandia za unga na kimiminika zinazogandishwa juu ya ukucha, kusubiri kwenyewe kunaweza kufika nusu saa. Kucha za akriliki zenyewe, kuanzia mwanzo, ni saa moja na nusu mpaka mbili. Kujazia, yaani kuziba pengo linaloachwa ukucha unapokua, baada ya wiki mbili au tatu ni kama saa moja, ila huyo huyo akikaa wiki sita ndipo arudi, utakachofanya ni karibu seti mpya, hata kama kwenye simu amebonyeza "kujazia".

Mteja wala hana kosa. Yeye anachagua anachokitaka, na anachokitaka ni jeli nyekundu. Kuondoa ya zamani haoni kama ni huduma, anaona ni sehemu ya kukaa kwenye kiti. Basi programu inaweka dakika 45, mimi natumia 65, na mtu wa pili ameshaingia mlangoni. Saa nne asubuhi tunachelewa dakika kumi na tano, saa kumi jioni tunachelewa saa nzima, na fundi wa mwisho anafunga duka akiwa hajala.

Kwenye daftari nilikuwa nayafanya haya kichwani. Mtu akipiga simu nauliza, "Dada, una kitu kwenye kucha sasa hivi?" halafu naacha nafasi kubwa zaidi chini ya jina lake. Programu iliniondolea kupokea simu na ikaondoka na lile swali.

Kwa hiyo ya pili niliitafuta kwa akili zaidi, na hapa nina jambo la kukushauri. Usiangalie video zao za maonyesho, kwenye video hizo kila mteja anafika kwa wakati. Chukua siku yako mbaya kuliko zote kutoka kwenye daftari, ile yenye wateja kupishana na mtu aliyekuja na mdogo wake bila kusema, uiingize yote kama ilivyo ndani ya kipindi cha majaribio. Ukipewa siku 14, siku ya kwanza inatosha kuona itakapokwama.

Ya pili haikukwama kwenye viti. Ilikuwa na sehemu ya kuorodhesha vifaa: unaiambia una viti viwili vya miguu, na yenyewe inakataa miadi ya tatu saa ile ile hata kama mafundi wote wako huru. Nilifurahi nusura nipige vigelegele. Ila ilikuwa imetengenezwa na watu wanaowaza nywele. Walijivunia kipengele cha muda wa kusubiri: rangi ikiwa kichwani, mtengenezaji anahudumia mtu mwingine. Kwenye kucha nafasi hiyo karibu haipo. Taa ya LED inakausha tabaka moja la jeli kwa sekunde 30 hadi 60, hapo huwezi hata kunyanyuka. Kwenye asetoni ndipo penye dakika kumi za kweli. Tulijaribu kuzitumia kwa mteja wa pili, tukaishia na mmoja ana pamba kwenye vidole vyote na hawezi kupokea simu yake, mwingine maji ya miguu yamempoa. Tuliacha siku hiyo hiyo.

Kisa cha kukumbukwa zaidi ni cha meseji za ukumbusho. Programu ilituma ujumbe siku moja kabla, na ililipisha kwa kila meseji. Wateja walioingia mitini walipungua, hilo sibishi. Lakini salio la meseji lilikuwa linaisha mara mbili ya hesabu yangu. Nikahesabu tena, nikamshuku fundi, Mungu anisamehe. Kumbe ni kale kapicha ka mkono unaopakwa rangi nilikokaweka mwishoni. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, meseji nzima inabadilishwa mfumo wa uandishi na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ujumbe wangu wa herufi 120 na kitu ukawa unakatwa vipande viwili, nalipia viwili.

Nikaondoa emoji. Salio likaendelea kuyeyuka! Nilikaa na ule ujumbe jioni nzima. Nilikuwa nimeandika "tukutane kesho kucha zako zipate kung’aa". Ile alama ya ritifaa kwenye neno kung’aa, simu yangu huiweka iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye herufi za meseji ya kawaida. Iliyonyooka imo. Nikaandika "zipate kupendeza", gharama ikarudi nusu. Ukitaka ng’ yako, hakikisha mkia wake umenyooka.

Niliiacha ya pili kwa sababu ya muda ule ule, na kuondoka ndiko kulikonifundisha bei yake. Faili waliyonipa ilikuwa na majina na namba za simu, basi. Miadi ya wiki tatu zijazo haikutoka. Maelezo ya wateja hayakutoka, na humo ndimo nilimoandika nani ana mzio. Jeli nyingi zina kemikali za jamii ya akrileti, HEMA ni mojawapo, na mtu aliyekwisha kuota vipele kuzunguka kucha kwa sababu yake humpaki kwa kubahatisha. Nilikaa usiku mara mbili nikinakili kadi moja moja kutoka kwenye skrini. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachojaribu kwenye programu ni kutoa data yangu, kabla hata sijaweka nembo ya saluni.

Ya tatu si nzuri kwa macho. Rangi zake zimepauka na menyu yake inajificha. Lakini inamuuliza mteja maswali kabla ya kumpa saa: kuna nini kwenye kucha zako sasa, jeli, akriliki au hakuna? Mara ya mwisho ulijazia lini? Unataka michoro kwenye vidole vingapi? Kila jibu nimelipangia dakika zake, na saa zinazobaki kuonekana ni zile zinazotosha kweli. Viti vya miguu inavihesabu pia. Tena haimruhusu mtu kuchagua saa itakayoacha pengo la dakika ishirini lisilomfaa yeyote. Marekebisho ya ukucha mmoja uliovunjika nimeyaficha, wapige simu, kwa sababu mwenye ukucha uliovunjika hasubiri kesho.

Malipo ya awali nilisita kuyaweka, nikiogopa wateja wa siku nyingi wataona nimewageuzia kibao. Nikaweka kwa kazi za zaidi ya saa moja na nusu tu, na wa zamani nikawasamehe mmoja mmoja kwenye kadi zao. Aliyelalamika ni mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa haji.

Kasoro zake ninazo. Intaneti ikikatika, kalenda haifunguki kabisa, kwa hiyo kila asubuhi napiga picha ya skrini yenye ratiba ya siku na kuituma kwa mafundi. Kuunganisha na kalenda ya simu yangu ni kwa kiungo cha upande mmoja kinachojisasisha baada ya saa nyingi. Miadi yangu ya daktari wa meno niliyoandika usiku, programu haikuijua, na mteja akawekwa juu yake. Sasa muda wangu binafsi naufunga ndani ya programu yenyewe. Na mwanzoni kila fundi alikuwa anaona namba za simu za wateja wote. Nilipogundua nilizifunga, bila kumtilia shaka mtu. Kitu hicho ilipaswa kije kimefungwa.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia kwa ajili ya wanaochelewa. Dakika kumi baada ya saa kufika, jina la mteja linageuka njano kwenye skrini, na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Leo saa nane limegeuka njano, nikampigia mwenyewe, hakupokea. Baadaye ikaja meseji: "Dada, niko hapo kwenye kona." Nimechungulia nje. Kona zote mbili hazina mtu.