Pakiti ya bakteria wa kupaka mbegu, agroveti ya Kongowea: ya soya chukua, ya kunde wacha

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimepunguzia pakiti wala si duka, duka lenyewe nalipatia zote tano. Shida ni vile maelezo yaliyoandikwa juu ya pakiti yanamfanya mtu adhani kila kitu cha jamii ya kunde kitaitikia sawa, na hakiitikii sawa hata kidogo. Sababu yake ni tamu sana ukiielewa, kwa hivyo nitaandika kirefu kidogo, nyinyi wenye vishamba Mwakirunge, Mtwapa na huko Kwale hebu vumilieni.

Kwa asiyeijua, ni pakiti ya unga mweusi kama udongo, ndani mna bakteria hai wanaitwa rizobia. Unawapaka kwenye mbegu, mbegu ikiota wanaingia mizizini, mmea unawafanyia vinundu vya kukaa na kuwalisha sukari, na wao wanachukua naitrojeni ya hewani wanaigeuza iwe kitu mmea unaweza kutumia. Yaani mbolea bila gunia. Na si kitu cha juzi, Beijerinck wa Uholanzi aliwatoa bakteria hawa kwenye vinundu akawaotesha peke yao mwaka 1888, na kufikia 1896 Wajerumani walikuwa washaanza kuwauza kwa jina la Nitragin.

Mimi masika hii nilichukua ya kunde na ya soya, nikapanda mistari iliyopakwa na mistari mitupu ubavu kwa ubavu, shamba moja udongo ule ule wa mchanga. Mimea ilipoanza kutoa maua nikang'oa michache kwa jembe pole pole mizizi isikatike, nikapasua vinundu kwa wembe. Ndani kikiwa chekundu au waridi kinafanya kazi, ile rangi ni leghemoglobini, ndugu ya ile iliyoko kwenye damu yetu, kikiwa cheupe au kijani hapo hakuna kitu. Soya iliyopakwa, mashallah, vinundu vinono vyekundu vimejazana karibu na shina na majani kijani kibichi, ile isiyopakwa ni manjano imesinyaa na mizizi karibu mitupu. Kunde sasa, iliyopakwa na isiyopakwa huwezi kuzitenganisha, zote zina vinundu, zote vyekundu.

Hapo ndipo watu wanasema dawa feki. Si feki, ni kwamba bakteria wako wamekuta wenyeji. Udongo wetu wa Pwani umepandwa kunde na pojo tangu enzi za mababu na bakteria wanaozipenda washajaa humo, na kunde yenyewe haichagui sana, inawakubali wa aina nyingi. Mzizi ukichipuka unatoa kemikali za kuita, bakteria wanajibu kwa kemikali zao, unywele wa mzizi unajikunja na anayewahi ndiye anaingia. Kinundu kimoja mara nyingi ni uzao wa bakteria mmoja tu, na mmea ukishapata vinundu vya kutosha unafunga mlango, waliobaki nje ni kama watu wa Likoni feri ishang'oa nanga. Wale wa pakiti wanaanza vizuri manake wako juu ya mbegu, lakini mzizi unakimbia chini na pembeni na wao hawatembei mbali, huko mbele unakutana na wenyeji waliotapakaa kila mahali. Watafiti waliwahi kupima jambo hili kule Hawaii, wakachapisha 1991, wakaona hata wenyeji 50 tu katika gramu moja ya udongo wanatosha kuifanya pakiti isionekane kazi yake. Hamsini tu, kwenye gramu!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba anayeshinda kuingia si lazima awe mchapakazi. Marekani kuna aina moja ya bakteria hawa wanaiita USDA 123 imetawala mashamba ya soya huko Minnesota na Iowa, inawabana bakteria wazuri zaidi ambao wakulima wamewalipia. Ila mmea nao si mjinga, mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba soya ikiwa na vinundu visivyoleta naitrojeni inavipunguzia oksijeni na bakteria wa ndani wanazaana kidogo. Nimelipenda sana hilo.

Soya ni mgeni kwetu, bakteria wake hawako kwenye udongo mwingi wa huku, kwa hivyo wa pakiti wanaingia uwanja mtupu. Lakini uliza mbegu kwanza, zile za TGx zilizotoka IITA, kituo cha utafiti wa kilimo kule Ibadan, Nigeria, zilizalishwa makusudi zikubali bakteria wa kienyeji wa Afrika, hizo hata bila kupaka unaweza kupata vinundu.

Duka sasa. Dada wa pale kaunta aliniambia mwenyewe kabla sijalipa, "Mama, ya kunde sikushauri, labda utake kujaribu", muuzaji gani anakuambia hivyo? Pakiti anaziweka ndani kwenye baridi na anakusomesha tarehe ya mwisho. Nshaona duka jingine mjini zimepangwa dirishani jua linazipiga mchana kutwa, hao ni bakteria waliokufa unauziwa. Bei ni ndogo sana ukilinganisha na gunia la mbolea.

Ukinunua, changanya kivulini na maji ya sukari kidogo ishike, usitumie maji ya mfereji yenye klorini wala ya kisima cha chumvi, usiweke kwenye mbegu zilizotiwa dawa ya ukungu, panda siku hiyo hiyo na ufukie papo hapo. Yuria usitie, mmea ukipata naitrojeni ya bure hauna haja ya kuita bakteria. Na kama soya ni ya kuku kama mimi, ikaange kwanza, mbichi inawadhuru.

Vuli nachukua tena ya soya. Pesa ya ile ya kunde naiweka kwenye TSP, ile mbolea ya fosfati, manake vinundu vinataka fosfati, na hiyo wenyeji hawawezi kuitoa hewani.