Filta ya nyumba nzima: usikubali fundi aifunge bila baipasi

Naishi Ilazo, hapa Dodoma, na maji kwetu huja kwa mgao. Yakirudi baada ya siku mbili tatu, nusu saa ya kwanza yana rangi ya chai ya maziwa. Tenki langu la lita 2,000 lilikuwa na tope chini la kuchota kwa sahani. Ndipo nikanunua filta ya inchi 20, ile nene ya bluu, na katriji, yaani kichujio cha ndani, ya mikroni 5.

Fundi wa kwanza alikata bomba, akaipachika katikati, akaondoka. Nilimuuliza, "Ikiziba je?" Akanijibu, "Haizibi leo wala kesho, mama." Wiki ya sita iliziba saa nane usiku, usiku wa mgao wenyewe. Mita imesimama, tenki tupu, na spana haifungui kwa sababu presha imebaki ndani. Hata ningeifungua, alikuwa ameifunga karibu mno na sakafu, kopo la filta halina pa kushukia. Kulipokucha maji yamekatika mtaa mzima. Siku nne nilinunua madumu ya mkokoteni huku nikimuuguza mama mkwe. Iliniuma sana.

Fundi wa pili alichora mchangani kwa msumari kabla ya kugusa bomba. Koki moja kabla ya filta, moja baada yake, ya tatu kwenye bomba la pembeni linaloizunguka, ndiyo baipasi yenyewe. Siku zote zile mbili ziko wazi, ya pembeni imefungwa. Filta ikiziba unafungua ya pembeni, unafunga zile mbili, unabonyeza kitufe chekundu cha filta presha itoke, ndipo unashika spana. Maji yanaendelea kuingia kwenye tenki. Akaongeza yunioni, kiungio cha kufungua na kufunga, kila upande, filta ing'oke nzima bila kukata bomba la plastiki la PPR, na koki ya kumwagia kabla ya filta ili lile tope la mwanzo niende nalo kwenye migomba.

Nilitaka aihamishie baada ya tenki, akakataa, na alikuwa sahihi. Mnara wa tenki langu una mita 3, presha yake ni kama ba 0.3 tu, bafu lingebaki linadondosha matone. Ufundi alinitoza shilingi 70,000, kazi ya nusu siku.

Msiitegemee kwa chumvi, jamani. Birika langu bado linaota ukoko mweupe, maana chokaa ya maji ya visima imeyeyuka humo na inapita kwenye katriji kama hakuna kitu. Hiyo inataka mtambo mwingine.

Fundi huyu nampa nyota tano. Filta yenyewe nne: spana yake ya plastiki imepasuka mara ya pili kuitumia, na kwenye boksi hawakuweka oringi, ule mpira wa kuzuia kuvuja, ya akiba.