Uzoefu wangu wa kuitazama Shoah: zaidi ya saa tisa za ushuhuda

Filamu ya mwongozaji Mfaransa Claude Lanzmann iliyotoka mwaka 1985, kuhusu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Manazi, haina hata picha moja ya maiti. Hakuna kanda za zamani wala msimulizi wa kutuelekeza la kuhisi. Wanaozungumza, karibu wote, ni watu waliokuwapo: manusura, wanavijiji wa Poland walioishi jirani na kambi za mauaji, na Wajerumani waliozihudumia, huku kamera ikipita taratibu kwenye nyasi na reli za Treblinka, mojawapo ya kambi hizo nchini Poland, miongo mitatu na zaidi baada ya vita.

Nguvu yake nimeiona katika maswali madogo. Abraham Bomba, kinyozi aliyelazimishwa kuwakata wanawake nywele ndani ya chumba cha gesi cha Treblinka, anaulizwa kama humo ndani mlikuwa na vioo na alitumia mkasi au mashine, naye anajibu huku akimnyoa mtu katika duka moja la kinyozi nchini Israeli. Anapofikia habari ya mwenzake aliyewaona mkewe na dada yake wakiingizwa, sauti inamkauka, anajifuta uso na kuomba waishie hapo. Lanzmann anamsihi aendelee. Sioni namna ya kuutetea ushupavu huo, ingawa namshukuru kwa kutoukata, kwa kuwa ametuachia nafasi ya kumhukumu na yeye pia. Kuhusu Franz Suchomel, askari wa SS, kikosi cha Manazi kilichoendesha kambi hizo, aliyeahidiwa kwamba jina lake halitatajwa kisha akarekodiwa kwa kamera ya siri, dhamiri yangu haikusumbuka hata kidogo; anaeleza utendaji wa kambi kama karani anayesoma taarifa ya ghala.

Kasoro kubwa ni uchache wa wanawake, ambao wanasikika kidogo mno kulingana na yale yanayosimuliwa juu yao. Sauti ya mkalimani imeachwa isikike katika mahojiano mengi, jambo linalorefusha filamu, lakini mimi lilinifaa, kwani humwona shahidi usoni kabla maneno yake hayajakufikia.

Imegawanywa katika sehemu mbili, na singemshauri mtu azitazame kwa mkupuo mmoja, wala mbele ya watoto. Nakala niliyoipata ina maandishi ya tafsiri kwa Kiingereza, yanayopita haraka. Asiyeisoma lugha hiyo kwa wepesi atahitaji mtu wa kumfasiria.