Mvinyo mwekundu wa Australia: kwa nini nachagua mchanganyiko wa Cabernet na Shiraz

Napenda mvinyo mwekundu wenye nguvu, unaojaza mdomo mzima tangu funda la kwanza, lakini nguvu hiyo ni lazima iwe na mizani, yaani tunda, uchachu, ukakasi na kilevi vikae pamoja bila kimoja kuvifunika vingine. Mivinyo iliyonitosheleza zaidi kwa kipimo hicho imetoka katika jimbo la Australia Kusini.

Shiraz, mvinyo wa zabibu nyeusi ya jina hilo, ya Bonde la Barossa ndiyo maarufu zaidi. Bonde lile lina joto, zabibu huiva barabara, na si ajabu kuona chupa yenye kilevi cha asilimia 14.5. Ndani yake napata zambarau zilizoiva, pilipili manga na chokoleti chungu. Jimbo hilo halijawahi kuvamiwa na filoksera, mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, na kwa sababu hiyo iko mizabibu iliyopandwa miaka ya 1840 ambayo inazaa hadi leo. Huzaa kidogo, lakini zabibu zake zina ladha nzito yenye kina. Hata hivyo, baadhi ya Shiraz nilizokunywa zilikuwa na utamu wa jemu na kilevi kinachochoma koo, nami sikutamani glasi ya pili.

Coonawarra, eneo la jimbo hilo hilo lililo kusini zaidi na lenye ubaridi, ina udongo mwekundu uliolala juu ya mwamba wa chokaa. Cabernet Sauvignon, zabibu nyeusi nyingine, ya huko hunukia mnanaa na ina ukakasi imara, ila ikiwa changa hukausha ulimi.

Ukizichanganya zabibu hizi mbili, Cabernet inakuwa mifupa na Shiraz inakuwa nyama. Kanuni za Bordeaux, eneo maarufu la mvinyo huko Ufaransa, haziruhusu mchanganyiko huo, ilhali Waaustralia wameufanya kuwa fahari yao. Ninaoupenda kuliko yote ni Bin 389 wa kampuni ya Penfolds, ulioanzishwa mwaka 1960 na mtengenezaji wao Max Schubert, ambaye ndiye aliyeanza kutengeneza Grange, mvinyo wao maarufu zaidi, mwaka 1951. Hukomazwa katika mapipa ya mwaloni wa Marekani, mengine yakiwa yamekwisha kuhifadhi Grange, na pengine ndiyo sababu vanila ya mbao naisikia nyuma ya tunda, wala si mbele yake. Ukishatimiza miaka kumi hivi, ukakasi wake hulainika bila mvinyo kupoteza nguvu. Bei yake ni kubwa, nami siwezi kuupendekeza kwa matumizi ya kila wiki. Kwa siku za kawaida, michanganyiko ya aina hiyo kutoka kwa watengenezaji wadogo wa Barossa na McLaren Vale, eneo jingine la jimbo hilo, inatosha kabisa.

Jambo moja nalisisitiza kwa anayeishi kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa: usiunywe kwa joto la sebuleni, kwa sababu kilevi hutangulia puani na mizani yote huvurugika. Uweke kwenye friji mpaka ushuke hadi nyuzi 16 au 18, kisha uumimine kwenye jagi upate hewa wakati mguu wa mbuzi ukimalizikia kwenye mkaa. Mafuta ya nyama hiyo huupunguza ukakasi, na chumvi yake huliinua tunda. Kwa samaki haufai, mvinyo huu humfunika kabisa.