Rangi ya Unga kwa Bodi ya Alumini: Tathmini ya Karakana Moja ya Chang'ombe

Karakana niliyoikabidhi paneli za gari ninalojiundia nyumbani, izipake rangi ya unga mkavu unaopulizwa kisha kuokwa, ipo katika eneo la viwanda la Chang'ombe, na kazi yake ya kila siku ni fremu za madirisha na mageti. Gari lenyewe ni dogo, la viti viwili, lenye chesisi ya mabomba ya chuma na bodi ya alumini ya unene wa milimita 1.2 inayofungwa kwa ribeti. Nimeridhika na kazi yao kwa sehemu kubwa, na kilichoniridhisha zaidi ni maandalizi yaliyofanyika kabla unga haujapulizwa, kuliko hata mng'ao wa rangi.

Jambo hili lina uzito wa pekee Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi. Unyevu wenye chumvi ukipenya kwenye tundu la ribeti au ukingo uliokatwa, na alumini ikawa haikuandaliwa vizuri, kutu hutambaa chini ya rangi kwa mistari myembamba na kuibandua polepole, hata kama juu rangi bado inapendeza. Hapa paneli huoshwa kwa dawa ya kuondoa mafuta, huzamishwa kwenye asidi, husuuzwa, kisha huvikwa utando wa kemikali unaoisaidia rangi kushika na kuzuia kutu. Msimamizi aliniruhusu kushuhudia hatua zote. Baada ya kuondoa mafuta alimwagia paneli maji safi, nayo yakatandaa sawasawa bila kujikusanya kuwa matone, dalili kwamba hakuna mafuta yaliyosalia. Fundi anayefuta paneli kwa kitambaa chenye petroli na kuanza kupuliza hafai kupewa kazi ya gari, hata bei yake iwe nafuu kiasi gani.

Unga waliotumia ni wa poliesta, nami niliusisitiza, kwa kuwa ule wa aina ya epoksi hupauka na kutoa vumbi kama chaki inapopigwa na jua. Unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme, hung'ang'ania paneli iliyounganishwa na erthi, kisha huokwa kwa nyuzi joto 200 kwa takriban dakika 10, zikihesabiwa tangu alumini yenyewe ilipofikia joto hilo. Katika joto hilo paneli ya mita moja hurefuka kwa takriban milimita 4, na ikibanwa pande zote inaweza kupinda; wao waliitundika kwa upande mmoja tu, ikatoka imenyooka. Puti ya kawaida ya magari haihimili tanuri, kwa hiyo mibonyeo yote inapaswa kunyooshwa kwa nyundo, na matundu yote kutobolewa, kabla ya kupeleka kazi.

Kasoro niliyoikuta ilikuwa kwenye kona za ndani. Kwenye sehemu bapa kipimo kilionyesha kati ya mikroni 60 na 80 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unene unaofaa, lakini ndani ya mikunjo ya paneli inayofunika giaboksi rangi ilikuwa nyembamba kiasi cha alumini kuonekana. Chaji hukimbilia kingo zilizo karibu na bunduki, hivyo unga hauingii kwenye kona kwa urahisi, na fundi mzoefu hupunguza volteji na kuanza na kona hizo. Walikubali kurudia bila malipo, wakapiga msasa na kupuliza upya, lakini ukaguzi huo ulipaswa kufanywa na wao, si mteja.

Bei hukokotolewa kwa mita ya mraba, kila upande ukihesabiwa peke yake, na inazidi ya fundi wa rangi ya kawaida. Aidha, rangi hii ikikwaruzwa sana haizibwi kwa urahisi, kwani paneli nzima hulazimika kuvuliwa rangi na kuokwa upya. Kwa paneli za ndani na za ubavuni nakubali gharama hiyo. Boneti na madigadi nitawapelekea hao hao, kwa makubaliano ya maandishi kwamba kila kona itapimwa mbele yangu kabla sijalipa salio.