Mapango ya Kolo, Kondoa: nendeni, ila msiguse

Kutoka Dodoma mjini ni lami hadi Kolo, barabara ya Babati. Unajiandikisha ofisini, unapewa mwongozaji, kisha barabara ya vumbi hadi chini ya mlima. Mwenye gari dogo achukue bodaboda. Kupanda ni kukali, ndala hazifai.

Juu, majabali yameegemeana yakaacha mapango yenye kivuli, na ukutani kuna michoro ya kale ya twiga, tembo na watu wembamba mno, yote kwa rangi nyekundu. Mwongozaji wetu, kijana wa Kirangi, kabila la huku Kondoa, alituonyesha watu watano, wa katikati kama anavutwa huku na huku. Nilisimama pale hadi mwanangu akalalamika njaa. Mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, aliinakili michoro hii mwaka 1951, na UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia 2006, lakini Warangi bado hupanda hapa, wanapopaita Mungomi, kuomba mvua na uponyaji. Hapo ni mahali pa ibada, jamani! Usimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Inafifia, na hakuna wa kuichora tena.

Bebeni maji ya kutosha, pandeni asubuhi, na mwongozaji mpeni chochote.