Waya wa kupeleka umeme wa betri ya pili nyuma ya gari: upi ununue, upi uache

Msimu uliopita nilirudi Arusha kutoka Serengeti na friji iliyojizima mara tatu njiani, nyama imeanza kunuka. Nikapima betri ya pili: imejaa. Mwizi alikuwa waya. Fundi alikuwa amepitisha kijiwaya cha milimita mraba 2.5 (ukubwa wa shaba ukikata waya) kutoka kwenye boneti hadi mlango wa nyuma.

Piga hesabu. Mita 6 kwenda na 6 kurudi ni mita 12 za shaba. Friji ikivuta ampea 5, na chaja za kamera na simu za wageni zikafikisha mzigo ampea 15, waya ule unameza volti 1.26 hivi. Betri inasema 12.4, friji inaonja 11.1, inajizima ikidhani betri imekwisha. Kwa milimita mraba 16, kinachopotea ni kama volti 0.2 tu.

Ndiyo maana kwangu namba moja ni waya wa mashine ya kuchomelea, wa shaba tupu, milimita mraba 16. Ndani una nyuzi nyembamba nyingi, unapinda kama kamba, na barabara ya mawe haiuvunji. Nunua vipande viwili, chanya na hasi. Kutegemea bodi ya gari irudishe umeme ni kujitafutia kutu na usumbufu. Uvalishe bomba la plastiki, uuweke mbali na ekzosi.

Namba mbili, waya wa jozi wa magari wa milimita mraba 6. Kwa friji peke yake unatosha kabisa. Ila angalia mtego: baadhi ya nyaya za magari hupimwa unene pamoja na plastiki yake. Waya unaoitwa “milimita 6” kwa kipimo hicho una shaba ya milimita mraba 4.6 hivi. Muulize muuzaji shaba yenyewe ni kiasi gani. Akibabaika, toka.

Namba tatu ni kuhamishia betri yenyewe nyuma, na kuijaza kwa chaja ya DC-DC, inayorekebisha volti zinazotoka mbele zifae betri hiyo. Kwa betri ya lithiamu, au gari jipya ambalo alternata yake (jenereta ya injini) hupunguza volti kwa amri ya kompyuta, hii ingekuwa ya kwanza. Kwa Land Cruiser ya zamani ni gharama ambayo mimi singeanza nayo, na bado unahitaji waya mnene kutoka mbele.

Seti za waya za amplifaya ya muziki naziweka chini sana. Zinang'aa, zina fyuzi ndani ya paketi, bei inavutia. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe, jua upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba. Waya mgumu wa nyumbani, wa uzi mmoja, usiuguse. Mtikisiko huukata ndani huku plastiki ikionekana nzima.

Fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, maana inalinda waya, siyo friji. Kwa waya wa 16 na plagi ya Anderson (plagi nene ya kuungia nyaya za umeme mkubwa) ya ampea 50, weka fyuzi ya 50. Betri zikiwa ncha zote mbili, fyuzi nazo ziwe mbili. Soketi ya kiberiti cha sigara isahau kwa friji. Hulegea, kisha hupata moto. Na kama gari lako lina betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24, thibitisha kwanza friji inazikubali.

Kabla ya kumlipa fundi, washa friji na chaja zote, pima volti kwenye betri, kisha kwenye plagi ya nyuma. Tofauti ikizidi volti 0.3 kwa waya wa 16, mrudishe kwenye maungio: lagi, vile vichwa vya chuma vya ncha za waya, hazijabanwa vizuri.